Maji Yaliyorudi Ndani

Watu wa Sidab, kijiji cha wavuvi kando ya Maskati, wanaijua nyumba ya Bibi Mahbuba. Ni ile ya mwisho kabla ya majabali, yenye mlango wa samawati na madirisha yanayotazama ufuo. Haya yalimfika mjukuu wake, Ruqaya, na wote waliokuwapo wako hai mpaka leo, ingawa hakuna hata mmoja anayependa kuulizwa.

Jumatatu mambo yalipoanza, asubuhi ilikuwa njema. Ruqaya alimwogesha bibi yake, akampaka mafuta ya nazi miguuni, akamkalisha kwenye kiti chake dirishani chumbani, mkabala wa mlango wa sebuleni, na kumlisha uji wa mchele kijiko kwa kijiko. Ruqaya alikuwa na miaka kumi na saba. Mama yake alifariki yeye Ruqaya angali mtoto mchanga, na Bibi ndiye aliyemlea. Kwa hiyo mwaka juzi, Bibi alipopooza upande wa kulia na maneno yakampotea, Ruqaya aliacha shule ili amtunze. Hakuna aliyemlazimisha. Bibi alikuwa amekwishasema zamani, mbele ya watu, kwamba katika nyumba ile hatoki mpaka siku ya kubebwa na majirani. Ruqaya alikuwa amejiapia kwamba itakuwa hivyo.

Aliyekuwa hataki hivyo ni Shangazi Mahfoudha, binti mkubwa wa Bibi. Yeye alikaa Madinat Sultan Qaboos, mtaa wa matajiri wa Maskati, kwenye nyumba yenye lifti na vyumba visivyolalwa na mtu.

"Nimekupa mpaka baridi iishe," alimwambia Ruqaya. "Lakini nikiona kitu kimoja tu kimekwenda kombo, namchukua mama yangu siku hiyo hiyo. Na wewe utarudi shule, utake usitake."

Basi ilipokuja habari ya ziara ya wageni, Ruqaya aliishika kwa mikono miwili. Alitaka Shangazi aone kwamba nyumba bado ni nyumba, na kwamba yeye anaiweza.

Aliyeileta ziara ni Ami Marhoon, mdogo wake Shangazi. Kazi yake ilikuwa kuwapangia wageni matembezi: huyu ngomeni, yule jangwani, mwengine kwenda kutazama kasa. Safari hii alipata wageni wa namna yake, wahubiri wanne wa Kikristo waliotaka kupita walikopita wahubiri wasafiri wa karne ya kumi na nane. Wahubiri hao wa kale walikuwa wakishuka Maskati kungoja merikebu ya kuwapeleka Bara Hindi, na mtu aliyekuwa akiwapangia mambo yao alikuwa babu wa mababu wa Bibi Mahbuba, hapo hapo Sidab. Nani anakuja, atalala wapi, atakula nini, ataondoka na chombo gani, yote yalikuwa juu yake. Wao walikuwa na dini yao na yeye na yake. Lakini neno lake lilijulikana kila bandari.

"Tutawapokea kama walivyopokewa wale," alisema Ami Marhoon, akizunguka sebuleni kwa furaha. "Mgeni anakutwa ufuoni na maji. Akishayanywa, huyo ni mgeni wa nyumba, hapana wa kumgusa. Haya, nisikie. Mgeni akiingia unasemaje?"

"Karibu, nyumba ni yako."

"Akiondoka?"

"Karibu tena."

"Aaa! Hiyo karibu tena yako imepoa kama chai ya jana. Mgeni akiondoka asikie kwamba umemwekea nafasi. Sema kwa moyo, mwanangu!"

Ruqaya alicheka, akasema tena kwa moyo. Alilisema akiosha vyombo, akalisema akianika nguo, mpaka likawa linatoka lenyewe bila kuitwa. Bibi, pale kwenye kiti chake, alikuwa akijipiga paja kwa mkono wake mzima, pa, pa, pa.

Walidhani anafurahi.

Jumatatu hiyo, mkubwa wa wale wahubiri alikuwa atangulie peke yake. Ami Marhoon alitaka amlete kwa boti ndogo kutoka bandarini, apige picha za mapokezi, kisha wengine watatu wafike kesho yake. Saa sita za mchana Ruqaya alijaza maji kwenye kuzi la udongo la Bibi, akaliweka kiunoni na kushuka ufuoni.

Saa ile Sidab hulala. Milango yote ilikuwa imefungwa, viyoyozi vikinguruma nyuma ya kuta. Hapakuwa na paka wala kunguru. Jua lilikuwa limesimama juu ya majabali na mchanga ulichoma kupitia nyayo za viatu.

Boti haikuwapo. Lakini mtu alikuwapo.

Alikaa juu ya jiwe kubwa upande wa pili wa ufuo, chini ya jabali. Alivaa joho jeusi, zito, nguo ambayo hakuna mwenye akili angeivaa kwenye jua lile. Ruqaya alidhani boti imekwisha kumshusha na kuondoka. Alimpungia mkono, akaanza kwenda. Yule mtu alipoliona kuzi aliinuka nusu. Akanyoosha mkono mmoja mbele, kiganja juu.

Ruqaya alikuwa amefika katikati ya ufuo simu ilipolia.

"Rudi, mwanangu," alisema Ami Marhoon. "Mzee hakupanda hata ndege. Homa imemwangusha huko huko kwao. Tutawapokea hao watatu kesho, inshallah."

"Basi huyu hapa ni nani?"

"Yupi?"

Ruqaya alitazama. Mtu yule alikuwa bado ameinuka nusu na mkono wake umenyooka. Hakuwa ameusogeza hata kidogo. Labda ni kibarua, Ruqaya aliwaza, mmoja wa wale wanaojenga kule juu. Yeye ni msichana peke yake, mchana mtupu, na mwanamume asiyemjua. Aliona haya, na pia aliona hofu kidogo. Akageuka, akapanda nyumbani na kuzi lake kiunoni.

Maji yalikuwa ya baridi na safi, ikawa ni hasara kuyamwaga. Aliliweka kuzi na maji yake kwenye friji.

Bibi, alipokuwa na sauti yake, alikuwa na makatazo mengi. Usipige mluzi ndani. Usikate kucha jioni. Usiache viatu vimelala kifudifudi. Ukishatoka na maji ya mgeni, usirudi nayo ndani. Ruqaya aliyakumbuka yote kwa pamoja, kama mtu anavyokumbuka vyombo vya kabatini, bila kukitazama kimoja kimoja.

Mchana ule alipompa Bibi maji, Bibi aliyatema.

"Chumvi," alisema Bibi.

Lilikuwa neno lake la kwanza tangu mwezi wa Ramadhani. Ruqaya aliyaonja. Yalikuwa maji tu.

Wageni watatu walifika Jumanne. Wawili walikuwa wazee wa Kihindi, wapole, wanaotabasamu kila wakiangaliwa. Wa tatu alikuwa Mchungaji Rahila, mama mnene mcheshi kutoka Voi, Kenya, ambaye alifika akicheka na kuvua viatu kwa shida.

"Mrembo, hizi ngazi zenu zitaniua kabla ya wakati! Kumbe hapa Kiswahili kipo? Ata sikuamini huyu uncle akiniambia."

Ami Marhoon alitandika jamvi, sinia likawekwa katikati, na wote wanne wakaketi kulizunguka. Wageni walikaa upande wa dirishani, Ami Marhoon pembeni yao. Upande wa mlangoni hakukaa mtu. Ruqaya alileta wali na samaki wa kuchoma, na Ami Marhoon, kama adabu ilivyo, kila mara alimega minofu mizuri na kuisukuma upande wa wageni.

"Kuleni, kuleni! Huyu kanaadi amevuliwa leo."

Ruqaya alikuwa jikoni akikata ndimu Mchungaji Rahila alipomfuata kunawa mikono. Mama yule alifungua bomba, akasogea karibu, akanong'ona.

"Mrembo, ule mzee mwingine, mbona hamjampatia maji?"

"Mzee gani, mama?"

"Si huyo wa joho jeusi, ameketi hapo kwa mlango. Anakula pole pole. Nilidhani ni babu ya hapa nyumbani. Lakini kikombe yake iko tupu, na ananiangalia tu mimi. Mpatieni maji, aki."

Ruqaya alichungulia sebuleni. Wazee wawili wa Kihindi. Ami Marhoon. Upande wa mlangoni, jamvi tupu.

Lakini mbele ya jamvi lile tupu, wali ulikuwa umechimbwa. Shimo la ukubwa wa kiganja, limemegwa tonge kwa tonge mpaka bati la sinia likaonekana.

Mchungaji Rahila aliuona uso wa Ruqaya, naye akatazama tena mlangoni. Kicheko chake chote kilimtoka. Hakurudi kuketi. Alivaa viatu vyake amesimama, akawashika wale wazee mikono, akasema jua limemshika na wanaomba radhi. Walitoka kwa mlango wa jikoni. Ilikuwa haraka haraka, na yale maneno ya kuagia ambayo Ruqaya aliyafanyia mazoezi hayakupata hata nafasi ya kusemwa.

Yalibaki mdomoni mwake.

Ami Marhoon alikuwa na hasira. "Umewafanya nini wageni wangu?"

"Sikuwafanya kitu, Ami."

Alipokwenda ndani kumnywesha Bibi, Bibi alitema tena. "Chumvi." Ruqaya alifungua friji kutoa yale maji ya kwenye kuzi. Kuzi lilikuwa jepesi. Aliligeuza. Halikutoka hata tone, na udongo wake ndani ulikuwa mkavu, wa vumbi, kama chombo kilichokaa juani miaka.

Jumatano alijaribu kila kitu. Maji ya dukani. Juisi. Dafu lililoletwa kutoka Salala. Maziwa. Kila kilichogusa ulimi wa Bibi kilirudi. Midomo yake ilianza kupasuka, na kuizunguka kukajitokeza ukingo mweupe. Ruqaya aliufuta kwa kidole, akakigusa kwa ulimi.

Ilikuwa chumvi.

Simu ya Shangazi Mahfoudha ililia adhuhuri, kama kawaida yake.

"Mama mzima?"

"Mzima, Shangazi."

"Anakula? Anakunywa?"

"Anakunywa."

Ruqaya hakuwa amezoea kusema uongo. Lakini angesema nini? Kwamba ndani mna mtu? Shangazi angekuja na gari papo hapo. Bibi angetolewa nyumbani kwake akiwa hai, akilia bila sauti, na ahadi yote ingekuwa bure.

Alasiri Ami Marhoon alimsaidia kumpeleka Bibi kwa daktari. Walimtundikia dripu. Daktari aliwaambia kwamba figo zimeanza kuchoka. Kama hanywi mpaka kesho alazwe, na wajitayarishe kwa lolote. Njiani kurudi, Bibi alikuwa mwepesi mkononi mwa Ruqaya kama nguo iliyoanuliwa.

 Usiku ule Ami Marhoon alimpigia simu dada yake.

Alhamisi kabla ya saa sita, Shangazi Mahfoudha aliingia bila kuvua miwani ya jua, na begi tupu mkononi kwa nguo za mama yake. Alimtazama Bibi kitandani. Akaitazama ile midomo.

"Tangu lini yuko hivi?"

"Tangu Jumatatu."

"Jumatatu! Na mie nauliza kila siku, unanijibu nini? Unamuua mama yangu ili uonekane hodari?"

Ruqaya alilia. Na alipolia, yote yalitoka: kibarua pale jiweni, simu ya Ami, sinia, Mchungaji Rahila, kuzi kavu. Alitegemea Shangazi atamcheka. Shangazi alikuwa mwanamke wa ofisini, mwenye madereva na mikutano, ambaye hata mazinguo ya jirani ya kuondoa uchawi aliyaita upuuzi.

Shangazi alivua miwani.

"Maji uliyamwaga wapi?" aliuliza, kwa sauti ndogo sana.

"Sikuyamwaga. Nilirudi nayo."

"Ndani?"

"Ndani."

Shangazi alikaa chini, pale pale sakafuni, na nguo zake nzuri.  Kisha akaanza kunong'ona, na Ruqaya ikabidi asogee.

"Mama hakukuhadithia yote. Mie alinihadithia siku ya kuolewa kwangu. Mhubiri mmoja alikuja peke yake. Ziara yake ilishapangwa na nyumba hii, chumba kishafagiliwa, maji yakatoka. Mwanamke wa nyumba alikuwa keshafika nusu ya ufuo. Ikaja habari kuwa kwenye merikebu mna ndui. Yule babu wa mababu akapiga kelele, rudi, rudi! Naye akarudi na maji. Yule mgeni alikuwa keshayaona."

"Akafanya nini?"

"Akangoja. Aende wapi? Hakumjua mtu mwengine hapa. Alikaa pale jiweni akingoja maji yake, mpaka akanywa ya bahari. Walipomkuta midomo ilikuwa myeupe. Wakamzika kwenye ile ghuba ya makaburi yao, kule pasipofikika ila kwa baharini. Na humu ndani, mama mkubwa wa nyumba akawa hawezi kunywa. Kisima kimejaa, yeye anatema. Alikufa kwa kiu, Ruqaya. Na yule mfu alikuwa akionekana tena pale jiweni, ndipo walipompelekea maji yake. Akanywa, akenda zake. Tangu hapo ndio yakawekwa makatazo."

Bibi, kitandani, alifumbua macho. Alikuwa akimtazama Ruqaya. Mkono wake mzima ulipiga godoro taratibu, pa, pa.

"Utampelekea sasa hivi," alisema Shangazi. "Wewe, si mimi. Alikuona wewe na maji. Usisimame njiani wala usigeuke. Akinywa, liache kuzi hapo hapo, urudi. Na usimwambie neno."

"Hata salamu?"

"Hata salamu. Na kuliko yote, usimkaribishe tena. Sikiliza vizuri. Wale wahubiri walikuwa hawaji kwa bahati. Mmoja akiondoka, mwenye nyumba alimwambia karibu tena. Yeye analichukua lile neno, anawapelekea wenzake kule anakokwenda, kwamba Sidab kuna mlango ulio wazi. Ndivyo ziara zilivyopangwa. Neno lile lilikuwa ahadi. Umefahamu?"

"Nimefahamu."

"Yallah, nenda. Saa ndiyo hii."

Ruqaya alijaza kuzi. Safari hii lilikuwa zito, zito kupita maji yaliyomo. Alitoka.

Milango ilikuwa imefungwa. Hapakuwa na paka. Hapakuwa na kunguru. Viyoyozi vilikuwa vimenyamaza vyote, na bahari ilikuwa imelala bapa kama bati.

Alikuwa pale.

Alikuwa ameinuka nusu, kama alivyomwacha Jumatatu. Mkono umenyooka, kiganja juu. Kama kwamba kati ya siku ile na hii hakupepesa hata jicho.

Ruqaya alifika katikati ya ufuo. Simu ikalia mfukoni mwake.

Hakuishika.

Ililia. Ikalia. Ikanyamaza.

Alikwenda. Mchanga ulikuwa wa moto, lakini kadiri alivyokaribia ulipoa, mpaka ukawa baridi chini ya nyayo zake. Hakumtazama usoni. Aliona pindo la joho, limeganda weupe. Aliona mikono. Ilikuwa mikono ya mtu wa kawaida, na hilo lilimtisha zaidi. Kucha zake zilikuwa zimekatwa vizuri.

Alimpa kuzi.

Mtu alikunywa. Ruqaya alisikia gu, gu, gu, bila kupumua. Ilikuwa sauti ndefu. Kuzi ni dogo, maji yake huishia bilauri chache, lakini sauti iliendelea na kuendelea, mpaka Ruqaya akahisi koo lake yeye linakauka. Kisha ikakoma.

Kuzi liliwekwa chini, juu ya jiwe, taratibu, kama anavyoweka mtu aliyefundishwa adabu.

Mtu alisimama wima. Alikuwa mrefu. Aligeuka upande wa ghuba ya makaburi, akapiga hatua. Ruqaya alifurahi. Imekwisha. Bibi atakunywa. Bibi atabaki nyumbani kwake.

Mtu akasimama.

Hakugeuza mwili. Aligeuza kichwa tu, kidogo, sikio likielekea kwa Ruqaya. Alisimama kama anavyosimama mgeni mlangoni, viatu keshavaa, fimbo keshashika, akingoja kitu kimoja cha mwisho ambacho kila mwenye nyumba mwenye malezi humpa mgeni wake.

Ruqaya alibana midomo.

Mtu alingoja.

Ruqaya aliwaza Bibi. Aliwaza Shangazi. Alibana midomo mpaka meno yakamuuma. Na kwa ndani, tangu alipokuwa mdogo akishika kanga ya Bibi mlangoni, tangu wiki nzima ya kuosha vyombo na kuanika nguo, neno lilikuwa limekaa juu ya ulimi wake likingoja nafasi. Alifungua mdomo ili apumue tu.

"Karibu tena," alisema.

Lilitoka kwa moyo, kama alivyofundishwa.

Mtu aliinamisha kichwa, mara moja, kwa heshima. Akaenda. Palipokutana jabali na maji, hakuonekana tena.

Ruqaya alipofika nyumbani alisikia kicheko cha Shangazi, kicheko kilichochanganyika na kilio. Bibi alikuwa ameegemezwa kwenye mto wa kitanda, bilauri mdomoni, maji yakimtiririka kidevuni. Alikunywa kama mtoto aliyetoka kucheza.

"Matamu," alisema Bibi.

Shangazi alimkumbatia Ruqaya kwa nguvu. Halafu akamshika mabega, akamtazama machoni.

"Hukusema kitu?"

"Sikusema, Shangazi."

"Marhoon kanipigia mimi, kasema simu yako inalia huipokei. Alikuwa anauliza hali ya mama. Umefanya vizuri kutosimama." Alifuta machozi. "Basi mama atakaa hapa hapa. Sitasema tena habari ya kumhamisha. Umeiweza nyumba, mwanangu."

Ruqaya alitabasamu. 

Wiki zikapita. Baridi ikaingia, watu wakaanza kufungua madirisha. Bibi alinenepa kidogo na maneno yakaanza kumrudi, moja leo, moja kesho. Lile kuzi lililoachwa jiweni Ami Marhoon alikwenda kulitafuta, hakuliona. Ruqaya hakushuka ufuoni. Usiku alilala vizuri. Mchana ndio alikuwa hatulii, hasa saa ile watu wanapofunga milango.

Ijumaa moja Shangazi na Ami Marhoon walikuwa waje kula chakula cha mchana, kama walivyozoea siku hizo. Ruqaya alipika wali wa nazi na samaki wa kupaka. Alipakua kwenye sinia kubwa, akalifunika kwa kawa la ukili, akaliweka sebuleni juu ya jamvi. Kisha akafunga mlango wa mbele na kwenda kumtayarisha Bibi.

Bibi alikuwa kwenye kiti chake, lakini hakuwa akitazama bahari. Alikuwa amejigeuza mwenyewe kuelekea sebuleni. Alikuwa amejifunga leso yake vizuri, na alikuwa akitabasamu kwa adabu, zamu kwa zamu, huku na huku, kama mtu anayeamkia watu wengi.

"Wape maji," alisema Bibi.

Nje gari lilisimama. Ruqaya alisikia mlango wa gari ukifungwa, na sauti ya Ami Marhoon ikimtania dada yake kwa viatu vyake virefu. Alikwenda sebuleni.

Kuzi lilikuwa ndani ya kizingiti. Limejaa mpaka mdomoni, likitoka jasho la baridi.

Sinia lilikuwa limefunikwa, kama alivyoliacha. Alipiga magoti akainua kawa.

Wali ulikuwa umechimbwa, duara zima. Shimo na shimo, kila moja la ukubwa wa kiganja, yamebanana kama watu waliosogeleana ili kila mmoja apate nafasi. Na kila shimo lilikuwa na ukingo mweupe wa chumvi.

Upande mmoja tu haukuguswa. Ni upande wa dirishani, walipokaa wageni siku ile, na anapokaa yeye Ruqaya kila Ijumaa. Hapo wali ulikuwa umelundikwa vizuri, umelainishwa kwa mkono, na minofu yote mizuri ya samaki ilikuwa imesukumwa kwake.